Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vijana na maonyesho ya sanaa na vitu vya kale Kampala

Kwa muda mrefu maonyesho yetu yalijaa watu wa aina moja: wazee wenye nafasi zao, watu wa ubalozi, watalii wanaotafuta kitu cha kufunga kwenye sanduku la safari. Sasa tumeamua kuwafungulia vijana mlango kwa makusudi, na maswali yamekuja kwa wingi, mengine kwa ujumbe wa simu, mengine pale pale kibandani. Ninayeyajibu ni muuzaji wa vitu vya kale na kazi za karatasi, mmoja wa wanaoandaa maonyesho haya. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa wanaouliza wanatoka Bombo, Kibuli na Arua, na wengine wanavuka mpaka kutoka Kisumu, Bukoba na Goma.

Kwa nini mmewakumbuka vijana leo?

Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 nchini Uganda, na karibu nusu yao hawajafika miaka 18. Soko la sanaa linalowategemea wageni na wazee peke yao, katika nchi ya namna hiyo, limewaacha nje watu wengi kuliko linaowahudumia.

Sababu iliyo kubwa zaidi kwangu ni hii: vitu visiponunuliwa nyumbani, vinaondoka. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha Luzira walikuta vipande vya sanamu ya udongo yenye kichwa cha mtu, kazi ya kale sana. Leo iko British Museum, London, na Mganda anayetaka kuiona anahitaji viza. Mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA, New York, lilinunua mchoro wa Sam Ntiro, Mtanzania aliyesoma na kufundisha Makerere, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Heshima kubwa kwake, lakini ukitaka kusimama mbele yake, nenda New York. Mwezi wa Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilileta Uganda Museum vitu 39 vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, ila vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu.

Kijana wa Ntinda akinunua leo mchoro wa msanii wa Ntinda na kuutundika sebuleni, wajukuu wake hawatamwandikia mtu barua ya kuuazima. Ndiyo maana tunawataka vijana kwenye meza ya wanunuzi. Kutembea, kupiga picha na kwenda zenu mnakaribishwa pia, lakini tunatamani mfike mbali zaidi ya hapo.

Lazima nivae suti? Nitafukuzwa nikiingia bila nia ya kununua?

Vaa unavyovaa siku zote. Hakuna anayefukuzwa. Wanafunzi wanaingia bure wakionyesha kitambulisho cha chuo au cha shule.

Wauzaji tumekubaliana jambo moja linaloonekana dogo: kila anayeingia kibandani asalimiwe kwanza, awe mzee au kijana, kabla hajaulizwa anatafuta nini. Vijana wengi wametueleza kuwa hawakuogopa bei. Walichoogopa ni macho ya muuzaji.

Bei zitaandikwa?

Ndiyo, zote, kwa shilingi ya Uganda, kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kazi. Jambo hili tulibishana sana. Baadhi ya wenzangu wanapenda mnunuzi aulize ili mazungumzo yaanze. Mimi naona bei iliyofichwa huwaanzishia mazungumzo wenye pesa tu, na kijana anayefikiri "kama haijaandikwa, basi si ya kwangu" anapita kimya kimya.

Wengine walituonyesha njia. Mwaka 1999 yalianzishwa maonyesho yaitwayo Affordable Art Fair katika bustani ya Battersea, London, yakiwa na kanuni mbili: kila kazi iandikwe bei, na bei isivuke kiwango kilichowekwa. Watu waliokuwa hawajawahi kuingia kwenye jumba la sanaa walijipanga mlangoni, na leo maonyesho hayo yanafanyika katika miji mingi duniani. Sisi hatujaweka kikomo kwa maonyesho yote, maana kuna fanicha na michoro ya wakongwe ambayo haiwezi kushushwa. Tumetenga upande mmoja wa ukumbi kwa kazi ndogo na vitu vya bei nyepesi, na upande huo uko karibu na mlango. Hatukuusukuma nyuma karibu na vyoo.

Nina laki moja tu. Nianze na nini?

Laki moja ni pesa, ndugu yangu. Anza na kitu unachoweza kukisoma, kitu chenye habari ndani yake.

Pesa za zamani ni mwanzo mzuri kuliko zote. Historia ya nchi hii imepita mikononi mwa watu kwa njia ya sarafu. Kulikuwa na simbi, zile kauri ndogo za baharini, zilizotumika kama fedha Buganda. Zikaja rupia, halafu shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921, ambayo senti zake ndogo zilitobolewa katikati ili zipite kwenye uzi. Benki Kuu ya Uganda ilipofunguliwa 1966 tukapata shilingi yetu. Zikafuata noti zenye sura ya Idi Amin. Mwaka 1987 fedha ikabadilishwa na sifuri mbili zikaondolewa. Mtu anaweza kupanga safari hiyo yote ndani ya albamu moja, akinunua kipande baada ya kipande, na nyingi ya sarafu hizo si ghali kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi.

Baada ya hapo, angalia karatasi: michoro ya penseli na wino, chapa za mkono, picha za zamani za studio, zile za watu waliosimama wima mbele ya pazia lililochorwa, saa mkononi na redio mezani. Wasanii wakubwa wana kazi za karatasi ambazo bei yake haikaribii kabisa ile ya turubai. Mimi mtu akiniuliza anunue turubai la mtu asiyemfahamu au mchoro mdogo wa karatasi wa msanii ambaye amemfuatilia, namwambia achukue karatasi.

Kisha kuna kazi za mikono ambazo tumezizoea mpaka hatuzioni. Chukua ekyanzi, chombo cha maziwa cha mbao cha Wanyankole, na mfuniko wake uliosukwa mrefu kama mnara. Au vikapu vya Toro vya kuwekea ugali wa ulezi, vilivyosukwa kwa uzi mwembamba mpaka unashangaa ni vidole gani vilivyofanya. Au mifuniko ya rangi kali ya Wanubi wa Bombo. Kikapu kipya kilichosukwa vizuri ni bora kuliko kikapu chakavu kinachouzwa kwa jina la ukale.

Chapa ya mkono ina tofauti gani na fotokopi?

Kubwa. Msanii anachonga ubao au linoleamu, anapaka wino, anagandamiza karatasi juu yake, na kila nakala inatoka mikononi mwake. Chini yake huandika kwa penseli namba kama 3/20, yaani nakala ya tatu kati ya ishirini, kisha jina lake. Zikiisha ishirini, zimeisha. Fred Mutebi amejulikana kwa chapa za ubao za rangi nyingi, ambazo ubao huo huo huchongwa tena na tena kwa kila rangi, kwa hiyo kufika mwisho ubao wenyewe umeliwa na hauwezi kurudi nyuma.

Picha ya mchoro iliyotolewa kwenye printa ni kitu kingine. Hakuna ubaya kuinunua kama umeipenda, mradi muuzaji amekwambia ndivyo ilivyo na bei iendane nayo. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona vidoti vidogo vidogo vya rangi vilivyopangwa, hiyo imetoka mashineni.

Kitu kinaitwa cha kale kikiwa na umri gani?

Katika biashara ya kimataifa wengi hutumia miaka 100. Sisi hatukazani hapo. Tungeshikilia miaka 100 tungewafungia nje vitu ambavyo vijana wanavitafuta hasa: redio za betri za miaka ya 1960, cherehani za mkono, sahani za bati zilizopakwa rangi, viti vya mvule vya ofisi za serikali, mabango, santuri, kamera. Kijana aliyezaliwa 2002 anaona redio ya babu yake ni ya kale, na ana haki. Sharti letu ni moja: muuzaji aandike umri anaoujua, na kama anakadiria, aandike kuwa anakadiria.

Nitajuaje kama ni halisi au nimeuziwa bandia?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wanapoumizwa na wengine hawarudi tena.

Tuanze na vinyago. Kila mgeni anataka "kinyago cha kale cha Uganda". Ukweli ni kwamba jamii nyingi za kusini mwa Uganda hazikuwa na mila kubwa ya vinyago. Vinyago vingi vinavyouzwa Kampala asili yake ni Kongo au kwingineko, na vingi ni vipya. Si kosa kuuza kinyago kipya cha Kongo. Kosa ni kumwambia mnunuzi kuwa ni cha kale cha Baganda. Mtu akikwambia hivyo, muulize kilitumika katika sherehe gani, na nani alikivaa. Atakayeanza kuyumba kwenye majibu, mshukuru na uendelee mbele.

Ukale wa kughushi una njia zake: moshi wa jikoni, rangi ya viatu, kufukiwa udongoni, kumwagiwa chai. Nusa kitu. Moshi mpya unanuka, rangi ya viatu inanuka. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenye mali. Rangi ikitoka sana, jiulize. Halafu tazama uchakavu uko wapi. Kiti cha kweli kimechakaa pale makalio na mikono vinapogusa. Ngoma imechakaa pale inapopigwa na pale inapobebwa. Kitu kilichochakaa sawasawa kila upande, hata mahali ambapo hakuna mkono unaofika, kimechakazwa siku moja.

Kwa sarafu, beba mizani ndogo na sumaku, na linganisha na picha za sarafu ya mwaka huo huo. Kwa michoro, geuza nyuma. Nyuma ya turubai huwa na habari kuliko mbele: jina, mwaka, vibandiko vya maonyesho, kutu ya misumari. Muuzaji asiyetaka ugeuze mchoro, usinunue kwake.

Zaidi ya yote, dai maandishi. Risiti yenye jina la muuzaji, maelezo ya kitu, bei na tarehe. Kwa msanii aliye hai, omba cheti chenye sahihi yake au piga naye picha akiwa ameshika kazi. Katika maonyesho yetu anayekataa kuandika risiti anafunga kibanda.

Kuna vitu ambavyo hamruhusu kabisa?

Vipo. Pembe za ndovu kwanza, ziwe mpya au za babu. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha au faini ya hadi shilingi bilioni 20 kwa viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2022 mahakama ya Kampala ilitoa kifungo cha maisha kwa kosa la pembe. Bangili ndogo ya pembe uliyoirithi isiletwe ukumbini. Ngozi za chui na magamba ya kakakuona vivyo hivyo. Kwenye ngoma za kale, hasa engalabi ile ndefu ambayo kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, tunahitaji kujua ilikotoka kabla haijawekwa mezani.

Hatuchukui vitu vilivyochimbuliwa ardhini. Ukikuta vigae vya chungu cha kale au chuma cha wahunzi wa zamani shambani kwako, piga picha mahali hapo, viache, na uwajulishe watu wa Uganda Museum. Kikishang'olewa pale kilipolala, nusu ya habari yake imepotea.

Na hatuchukui vitu vya matambiko vilivyotoka kwenye sehemu za ibada. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yalikaa Cambridge kwa miongo kadhaa mpaka yaliporudishwa Uganda 1962. Hatutaki kuwa mlango wa kuanza safari kama hiyo upya.

Lubugo ni nguo ya maiti. Nawezaje kuutundika chumbani?

Swali hili linakuja kila mara, na linatoka moyoni. Wengi wetu tumeuona lubugo, kitambaa cha magome ya mti, mara ya kwanza msibani, kwa hiyo macho yakiuona yanakumbuka kaburi. Lakini lubugo ulivaliwa na watu walio hai, kwenye sherehe za kutawazwa na kwenye mikutano ya ukoo, kabla nguo za pamba za wafanyabiashara hazijaenea. Wafalme waliuvaa. Mafundi wa ukoo wa Ngonge wamekuwa wakiutengeneza kwa ajili ya jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa vizazi vingi.

Kazi yenyewe ukiiona hutaisahau. Magome ya ndani ya mti wa mutuba huvuliwa msimu wa mvua, shina likafungwa kwa majani ya migomba ili lisikauke, na mti ukaota gome jingine. Gome hugongwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka linatanuka na kulainika, kisha hukaushwa juani likawa na rangi ya tofali. Mti mmoja unaweza kuvunwa miaka mingi bila kukatwa. UNESCO iliitambua kazi hii 2005, na 2008 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Wasanii wa leo wameurudisha lubugo sebuleni. Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro, anakunja shanga kutoka karatasi zilizotupwa na kuzishona juu ya lubugo, na kazi zake zimefika majumba makubwa ya dunia. Ukisimama mbele ya mojawapo, hofu ya msiba huondoka yenyewe. Kama haijaondoka, basi nunua kitu kingine. Nyumba ni yako na unalala humo.

Na dini je? Mama anasema ngoma na mikuki ni mambo ya mashetani.

Siwezi kukujibu mahali pa shehe au mchungaji wako, na sitamgombanisha mtu na mama yake. Ninachoweza ni kukueleza kitu kilifanya kazi gani. Ngoma nyingi tunazouza zilipigwa harusini na shuleni. Mikuki ni ya kuwinda au ya kulinda ng'ombe. Vibuyu ni vya maziwa. Mwambie mama habari ya kitu chenyewe kabla hujakifikisha nyumbani. Wazazi wengi wakisikia "hiki ni chombo cha maziwa cha Wanyankole" hutaka kukishika.

Naruhusiwa kupatana bei?

Kwa vitu vya kale, ndiyo, na muuzaji atashangaa usipofanya hivyo. Patana kwa adabu, ukiwa umeshaamua kuwa unakitaka. Kushusha bei ya kitu kwa nusu saa halafu ukaondoka ni kumpotezea mwenzako siku.

Kwa msanii aliyesimama kando ya kazi yake, nakuomba uwe mwepesi wa mkono. Bei ile ina turubai, rangi zilizoagizwa nje, kodi ya chumba cha kazi, na miezi aliyokaa bila kuuza kitu. Badala ya kusema "punguza", uliza kama ana kazi ndogo zaidi au kama anakubali kulipwa kwa awamu. Mara nyingi anakubali, na heshima inabaki pande zote mbili.

Naweza kulipa kidogo kidogo?

Ndiyo. Unatoa malipo ya kwanza, kazi inawekewa alama kuwa imeshikwa, na unamalizia kwa muda mliokubaliana. Hesabu ni rahisi: elfu hamsini kila mwezi ni laki sita kwa mwaka, na laki sita zinamtosha mtu kupata kazi nzuri ya karatasi iliyotiwa fremu. Makubaliano yaandikwe na kila upande ubaki na nakala. Pesa za simu zinapokelewa kwenye vibanda vyote. Hakikisha jina linalotokea kwenye simu kabla ya kubonyeza ndilo lililo kwenye risiti.

Naishi chumba cha kupanga. Mwenye nyumba hataki hata msumari.

Egemeza. Mchoro uliowekwa juu ya kabati au rafu, ukaegemea ukuta, unapendeza, na siku ya kuhama unaubeba bila kubandua kitu.

Maadui wako ni watatu. Jua linalopiga moja kwa moja linafifisha karatasi na lubugo. Unyevu, hasa majira ya mvua na kwenye kuta za nje, unaleta ukungu. Acha nafasi ya kidole kati ya fremu na ukuta ili hewa ipite. Halafu wadudu. Mbao zikimwaga unga laini kama wa mahindi, dumuzi wamo ndani. Funga kitu hicho kwenye mfuko wa plastiki peke yake, mbali na vingine, umwite fundi anayejua. Usikipake mafuta ya taa.

Zawadi ya kwanjula, siku ya kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba, inaweza kuwa mchoro?

Inaweza, na nimeona wazee wakiipokea kwa furaha. Chagua kitu chenye maana kwa ukoo unaokwenda kuutembelea, mfano mnyama au mmea ambao ndio muziro wao, yaani alama ya ukoo, na umwambie msemaji wenu aeleze habari yake hadharani. Mwagize msanii mapema. Rangi ya mafuta huchukua wiki nyingi kukauka vizuri.

Niwajue wasanii gani kabla ya kuja, na niende wapi kuona?

Anza barabarani, bure. Simama mbele ya Mnara wa Uhuru katikati ya Kampala, mama anayemwinua mtoto huku kamba zikiwa bado zimemzunguka. Aliuchonga Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere, kwa ajili ya uhuru wa 1962. Sanaa ya Uganda ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima tangu mwanzo: Margaret Trowell alipoanza kufundisha Makerere 1937, vijana walikuja kutoka Kenya na Tanganyika, akiwemo Ntiro na baadaye Elimo Njau. Naye Jak Katarikawe alitoka Kigezi, hakupitia darasani kama wale, akaishi Nairobi mpaka alipofariki 2018, na ng'ombe wake wa rangi za ndoto wanatambulika na watu wasiojua hata jina lake.

Kisha nenda Uganda Museum, iliyoanza 1908 na kuhamia jengo lake la Kitante 1954. Kaa kwenye chumba cha ala za muziki. Kila nikienda ndipo ninapokawia. Nommo Gallery, Nakasero, imekuwapo tangu 1964. Makerere wana jumba lao la sanaa lenye kazi za wanafunzi na walimu wa miaka mingi. Afriart Gallery ilifunguliwa 2002, na 32° East, Kabalagala, ni mahali pa kukutana na wasanii wakiwa kazini. Ukienda huko, uliza maswali ya kijinga yote. Wasanii wanapenda kuulizwa.

Mwaka 2022 Uganda ilipata ukumbi wake kwa mara ya kwanza katika Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa nchini Italia, ikiwakilishwa na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na majaji wakaupa ukumbi huo tuzo ya kutambuliwa kwa namna ya pekee. Kerunen alitumia ukili, nyuzi na majani, vitu ambavyo mama zetu wanasukia mikeka, na wasusi wa vijijini walifanya kazi pamoja naye. Kijana anayeona mkeka wa shangazi yake hauna thamani, na aitafute kazi hiyo.

Nikinunua mchoro, naweza kuuchapisha kwenye fulana niuze?

Hapana. Umenunua kitu chenyewe. Haki ya kukinakili imebaki kwa msanii, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya 2006. Ukitaka fulana, zungumza naye, mwandikiane. Kuupiga picha ukutani kwako na kuuweka mtandaoni huku ukimtaja jina ni jambo ambalo wasanii wengi hulifurahia.

Je, huu ni uwekezaji? Bei itapanda?

Baadhi zitapanda, nyingi zitabaki pale pale. Mtu anayekuahidi faida kibandani hakutakii mema. Soko la mitumba ya sanaa, yaani la kuuza tena, bado ni changa kwetu. Mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki umekuwa ukifanyika Nairobi tangu 2013 chini ya Circle Art Gallery, na kazi za Waganda huuzwa humo. London kuna maonyesho ya 1-54, yaliyoanza mwaka huo huo kwa ajili ya sanaa ya Afrika ya leo. Njia zimeanza kufunguka. Lakini pesa ya ada au ya biashara usiilete hapa. Leta ile ambayo ukiitoa, utalala.

Nimetoka nje ya Uganda. Navuka vipi mpaka na nilichonunua?

Kazi za wasanii wa sasa hazina shida, beba risiti. Kwa kitu cha kale chenye thamani ya kihistoria unahitaji kibali, na wanaohusika ni idara ya makumbusho iliyo chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Anza kufuatilia kabla ya siku ya kusafiri. Kibanda ulikonunua kitakuandikia maelezo ya kitu na picha zake.

Jajja (babu au bibi) wangu ana vitu vya zamani kijijini. Nivilete mviuze?

Kwanza usivisafishe. Sarafu iliyosuguliwa kwa majivu au dawa ya meno imepoteza thamani yake hapo hapo, na shaba iliyong'arishwa imevuliwa uso wake. Usiunganishe kilichovunjika kwa gundi.

Piga picha kila kitu, mbele na nyuma. Kisha kaa na jajja, washa kinasa sauti cha simu, umuulize kila kimoja kilitoka kwa nani, kilitumika vipi, nani mwingine katika ukoo anakijua. Sauti hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko kitu chenyewe, na muuzaji mzuri ataiomba. Uliza pia kama vitu hivyo ni vyake peke yake au ni vya ukoo. Tumewahi kurudishiwa mgogoro wa ndugu mezani, na sasa kitu chochote cha ukoo hatukigusi bila ya wazee wake kukubaliana.

Siku zote za maonyesho kuna meza ya ushauri upande wa kulia ukiingia. Leta picha kwanza, vitu baadaye. Ushauri ni bure, na wanaokaa kwenye meza hiyo hawaruhusiwi kununua chochote wanachoonyeshwa.